Siku ya Kliniki

Nimekulia dukani, na duka la vitambaa Kariakoo halimlei mtu mwepesi wa kuamini. Kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua kuchomoa uzi pembeni mwa kitambaa, kuuwashia kiberiti na kunusa. Ukinuka kama karatasi inayoungua, hiyo ni pamba. Ukijikunja ukawa kidonge cheusi kigumu, muuzaji wa jumla amekupiga, na kesho atakupiga tena akikuona umenyamaza. Baba alinifundisha na watu pia. Mteja anayesifia mzigo tangu mlangoni hanunui. Anayeuponda, akauliza bei huku anaangalia pembeni, huyo amekuja na hela yake. Baba alisema hayo kwa sauti ya chini, kwa lafudhi ya Machame ambayo haijamtoka mpaka leo, pamoja na miaka yote ya kuitwa Mangi, jina la kila Mchaga mwenye duka, na kila anayepita mtaani kwetu.

Kwa hiyo nisionekane mtoto mbaya nikisema kwamba mwaka niliomaliza kidato cha sita, nikiwa nasubiri chuo, nilimshuku baba yangu mzazi. Nyumba nzima ilimshuku, na nyumba nzima wakati huo ilikuwa mimi na mama, kwa sababu kaka zangu walishaoa na kuhamia mikoani.

Na yeye alinishuku mimi. Hilo lilianza zamani. Nilisoma fizikia, kemia na biolojia, na tangu kidato cha tano nilikuwa natangaza kwamba nataka udaktari. Tatizo ni kwamba nilipenda vitu vingine vingi mno. Niliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. Nilikaa kaunta nachora kwenye maboksi ya mizigo: migongo ya wapagazi, mikono ya mafundi cherehani, shingo ya mama akiwa amesinzia. Nilishona magauni ya mitindo ambayo hakuna aliyeyaomba. Na Jumamosi asubuhi nilikwenda Mchikichini kuchagua viatu vya mtumba, nikavisafisha, nikavipiga picha na kuwauzia wasichana wenzangu mtandaoni.

Viatu ndivyo vilivyomkera baba kuliko vyote. "Daktari gani huyo ananusa viatu vya watu?" aliniuliza siku moja, mbele ya wateja. "Wenzako wanasoma, wewe una mambo mengi. Mambo mengi, mambo mengi. Mwisho wake utakuwa fundi wa kila kitu."

Nilinuna siku nzima. Hakuelewa kwamba ni yeye aliyenifikisha huko. Kiatu cha mtumba hukitazami uso, maana uso wauzaji wameshaupaka rangi na kuubandika gundi. Unakigeuza. Soli haipakwi rangi. Mwenye kukanyagia nje kisigino chake kimelika upande wa nje. Anayeburuta mguu ncha ya mbele imekuwa laini na nyembamba. Mwenye mguu mmoja mfupi anakuachia kiatu kimoja kizee na kingine kijana. Mwanzoni niligeuza ili nisiuziwe viatu vilivyolalia upande. Baadaye ikawa tamaa tu. Nilikuwa nachora soli, halafu pembeni namchora mtu ninayedhani alikivaa, na jinsi anavyotembea.

Mimi mwenyewe nilijishuku. Kwa watu wetu mtoto akifaulu sayansi hachagui, anatangazwa. Matokeo yalipotoka majirani walianza kuniita daktari siku ileile, wakanionyesha vipele na meno yaliyotoboka. Nilicheka nao, kisha usiku nikajiuliza kama udaktari nautaka au natakiwa. Nilipochaguliwa chuo cha udaktari Mwanza, mama alipiga vigelegele hadi akashikwa kikohozi. Baba alisema tu, "Utaenda." Alilisema kama mtu anayefunga mjadala, na mjadala sikuuona.

Basi, mambo ya baba. Kwanza aliacha soda. Mtu aliyekuwa akimaliza kreti na wateja wake wa jumla, ghafla anakunywa maji, na anayanywa kwa fujo. Kisha chakula. Mama anampikia ndizi na nyama, anampakulia kama alivyompakulia tangu ndoa, yeye anakula robo na kusema ameshiba. "Ameshiba wapi?" mama aliniuliza jikoni, kijiko mkononi. Kitambi kikapungua, mkanda ukaongezewa tundu. Usiku akawa haachi kwenda chooni, na simu anaenda nayo. Kisha akanunua raba. Raba nyeupe, laini, za vijana, mzee ambaye tangu nimjue dukani anavaa makubazi.

Kilichomaliza uvumilivu wa mama ni siku ile baba alipotoka nyuma ya kaunta kumpokea mteja wa kutoka Songea, kubazi moja likabaki nyuma. Hakurudi kulichukua. Alizungumza na yule mteja kwa muda mrefu, akafungua majora ya kitambaa, akakata, akakunja, mguu mmoja ukiwa mtupu kwenye sementi. Mteja ndiye aliyemwonyesha. Watu walicheka, na baba akacheka kuliko wote. Mama hakucheka.

"Akili yake haipo hapa," aliniambia. "Mwanaume akifika mahali pa kusahau kiatu, ujue kuna mahali anavua viatu mara nyingi."

Kila Jumanne, baada ya kufungua duka, alikuwa anaaga kwamba anakwenda kuona mzigo, na mzigo haukuja. Jumatatu moja mama alikuwa nyuma, amekaa chini kati ya majora, baba akaingia na simu bila kujua kuwa yupo. Alimsikia akisema, "Ndiyo, kesho. Najua, siku ya kliniki. Hapana, nyumbani hawajui."

Mama hakumwambia baba chochote. Alikwenda kwa jirani yetu wa mbele, mama mmoja wa Newala anayeuza nyuzi na vifungo, mwanamke mcheshi ambaye kazi yake ya pili ni kujua mambo. Nilikuwepo. Jirani alikuwa anachambua vifungo vyekundu. Alipolisikia lile neno, mkono ukasimama ndani ya kopo.

"Kliniki?" alisema. "Shoga yangu, mwanaume anafuata nini kliniki?"

Hatukuhitaji zaidi. Kwetu neno hilo lina tumbo ndani yake. Mwanamke akisema leo nina kliniki, unampisha kiti. Mwanaume akisema ana kliniki, ujue kuna mtu anamsindikiza. Mimi niliyetoka kufaulu biolojia ningeweza kusema pale pale kwamba kuna kliniki za macho, za moyo, za kila aina. Sikusema, kwa sababu sikuwaza. Neno liliniingia na tumbo lake zima, nikamwona huyo mwanamke: mdogo, mweupe, gauni la maua, miguu imevimba kidogo, na baba yangu amemshikia mkoba.

Nilimchukia baba siku hiyo. Nilimchukia hasa kwa zile raba.

"Nyumba ndogo Upanga," mama alisema tulipobaki wawili, ingawa Upanga aliitaja nani sijui. "Nimeshampigia baba yako mkubwa. Anashuka kutoka Moshi, Jumapili tunakaa kikao. Nikithibitisha, narudi kwetu. Na wewe hiyo Mwanza isahau kwanza. Mimi nikiondoka, baba yako na mwanamke wake watalishika duka? Utakaa hapa ulinde jasho langu."

"Mama, nimeshachaguliwa."

"Nami nilishachaguliwa," akasema. "Kanisani, mbele za watu."

Kesho yake alinituma nimfuate. Nilikuwa mtu mwafaka: sina darasa, nina macho. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikavaa miwani ya jua, nikamwacha baba atangulie. Nilidhani atapanda bajaji. Alikwenda kwa miguu, akatoka Kariakoo, akakata viwanja vya Mnazi Mmoja. Nikiwa nyuma yake nilianza kufanya ninachofanya siku zote, kumtazama mtu anavyokanyaga, na nilichokiona hakikukaa sawa na hadithi yetu. Alikuwa anatembea akiitazama miguu yake. Mtu anayemfuata mwanamke hutazama mbele, au hugeuka nyuma kuona kama anafuatwa. Baba hakugeuka hata mara moja. Kwenye majani alipunguza mwendo, akawa anautua kila mguu kwa kishindo, kama anayegonga kuona kama kuna sakafu. Nikasema moyoni, raba mpya hizo, hajazizoea.

Alifika Upanga, akaingia geti la kliniki moja binafsi. Nikasimama ng'ambo ya barabara.

"Sista, twende?" dereva wa bajaji akaniita.

"Poa, kaka, nasubiri mtu."

"Mtu wenyewe atakuja?"

Nilimpuuza. Nilikuwa nakagua wajawazito. Kila aliyetoka nilimpima toka kichwani hadi kidole cha mguu. Mmoja mwenye gauni la njano nilimhukumu kabisa: mrembo, mwenye madaha, amebeba mfuko wa maembe. Nikajiambia ndiye. Kisha akaja kijana na gari, akashuka kumfungulia mlango, wakabusiana shavuni, nikabaki na hukumu yangu mkononi. Baba alitoka peke yake. Hakuna aliyemsindikiza, hakuna aliyesimama dirishani. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akanywa maji ya chupa mpaka yakaisha, kisha akarudi kwa miguu vilevile.

"Umemwona?" mama aliniuliza.

"Ameingia kliniki. Mwanamke sijamwona."

"Huwezi kumwona. Wanatokea mlango mwingine."

Jioni ile mama alikwenda kwenye maombi ya jumuiya, nadhani kuombea kikao. Baba alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Raba zilikuwa mlangoni. Nilizichukua kutafuta ushahidi: tope la mahali fulani, unywele, manukato, chochote. Nilinusa, na harufu niliyoikuta haikuwa manukato. Mkono ukageuza kiatu wenyewe, kwa mazoea.

Soli zilikuwa mpya lakini ncha ya mguu wa kushoto ilishaanza kulainika. Kwenye ule wa kulia, chini ya mahali pa kidole gumba, kulikuwa na kitu kinachong'aa. Kichwa cha pini. Zile pini zetu za dukani za kushikizia kitambaa, ambazo kila siku zinaanguka sakafuni na kila siku mama anagomba. Ilikuwa imezama mpaka kichwani. Niliingiza mkono ndani ya kiatu, ikanichoma, nikapiga kelele. Pembeni ya ile ncha, sehemu ya ndani ilikuwa imekauka rangi ya kahawia, na juu yake kulikuwa na unyevu mpya wa manjano.

Nilikaa chini palepale mlangoni. Mimi nimegusa mara moja tu, nimepiga kelele. Yeye ametoka Kariakoo mpaka Upanga na kurudi, akiwa ameikanyagia, hakuchechemea. Na haikuwa ya siku hiyo tu. Hapo vitu vikaanza kupangana bila mimi kuvipanga: maji, chooni, kitambi, sahani ya robo, kubazi lililobaki sakafuni. Kliniki. Niliogopa, hofu ya kweli, na katikati ya hofu hiyo niligundua kwamba lile swali langu la nautaka au natakiwa halikuwepo. Nilitaka kuona huo mguu. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Baba, vua soksi," nilisema nikiwa bado mlangoni, kiatu mkononi.

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Shikamoo. Vua soksi."

"Marahaba. Na hicho kiatu changu kimekukosea nini?"

"Vua tu, baba. Tafadhali."

"We mtoto, chuo hujaanza, amri ushaanza?" Lakini alivua. Huenda ni kwa namna nilivyokuwa nimeshika kile kiatu. Nilipiga magoti, nikauinua mguu wa kulia. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu lenye kingo nyeupe, na ile harufu. Nilimuuliza limeanza lini. Baba akauvuta mguu, akaugeuza kwenye mwanga, akauangalia kwa muda.

"Hiki nini?" akaniuliza mimi.

Alikuwa analiona kwa mara ya kwanza, pamoja na mimi. Nilimwonyesha pini. Aliishika baina ya vidole viwili, akaitazama, kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu akishindwa kupanga bei.

Ni sukari, alisema mwishowe. Tangu mwaka uliopita. Kliniki wanampima, wanampa dawa, wamemwambia avae viatu vya kufunika vidole. Miguu je? Miguu wanauliza kila mara. "Nawaambia iko salama, wasinivulishe viatu mbele ya watu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Mama yako angekuambia wewe kabla hajameza mate." Akavuta pumzi. "Na wewe ni mtu wa mambo mengi. Mtu wa mambo mengi akipata sababu ya kubaki, anabaki. Ungesema baba mgonjwa, nikae naye mwaka huu tu. Ungeshona, ungeimba, ungeuza viatu vyako, duka lingekumeza, na hakuna ambaye angekulaumu. Nilitaka ufike kwanza."

Nilikasirika mpaka machozi yakatoka. Nilikasirika kwa sababu amenishuku, na kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba amekosea. Nilimwambia ni viatu vilivyomsema, hivyohivyo anavyovidharau. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana sikuvipenda," alisema, na sijui mpaka leo kama ulikuwa utani.

Mama alirudi akanikuta nauosha ule mguu kwenye beseni. Alisimama mlangoni na Biblia yake kwapani.

"Huyo mwanamke amekufanya nini?" akamuuliza baba.

"Mwanamke gani?"

Nikamweleza mimi, nikitazama maji. Kliniki ya sukari, mama. Mama alirudia, "Ya sukari?" na mimi nikasema ndiyo, na akarudia tena. Akakaa kwenye kiti cha karibu bila kuvua viatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwenye zulia lake. Nilidhani atamshukuru Mungu. Alilia.

"Afadhali angekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke ningemfukuza."

Baba mkubwa alipigiwa simu asishuke. Aliambiwa mambo yamekwisha, na najua kwa sauti yake kwamba hakuamini.

Mwanza nilikwenda, muhula ulipoanza; mama ndiye anayeshika duka, baba anakaa kwenye kiti kirefu anawashuku wateja, na kila jioni anakaguliwa miguu apende asipende. Mpaka leo wanafunzi wenzangu wakiulizana nani aliamua lini kuwa daktari, mimi sisemi chochote, kwa sababu kinachonijia ni chumba kimoja kidogo Upanga, asubuhi iliyofuata ile jioni ya beseni, tulipompeleka mimi na mama kwa bajaji.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alisafisha kidonda, akakifunga, kisha akatoa kijiti chenye kipande cha uzi wa nailoni kwenye ncha. Alimweleza baba kwamba atamgusa nyayoni sehemu mbalimbali. "Fumba macho, mzee wangu. Ukisikia nimekugusa, sema nasikia."

Baba akafumba. Muuguzi akagusa chini ya kidole cha pili. "Nasikia," alisema baba, kwa sauti ya mtu anayemhakikishia mteja kwamba rangi haitoki. Akagusa katikati. "Nasikia." Kisigino. "Nasikia." Nilianza kupumua. Halafu nikaona kinachoendelea. Muuguzi alikuwa anagusa, anatulia, anagusa, kwa mwendo uleule, na baba alikuwa ameukamata mwendo. Ni mfanyabiashara, anajua lini mtu anasubiri neno. Nikamtazama muuguzi, naye akanitazama. Aliurudisha mkono wake magotini, pamoja na uzi.

"Nasikia," alisema baba.

Uzi ulikuwa bado magotini mwa muuguzi.

"Nasikia. Hapo pia nasikia vizuri. Andika hivyo, dada, miguu iko salama. Huyu binti ana safari ya chuo, asicheleweshwe."

Mama aliinuka kwenye benchi. Nilidhani atamgombeza. Alichuchumaa mbele ya kitanda, akanyoosha mkono, akaulaza ule unyayo kwenye kiganja chake, taratibu, kisha akaufunika kwa kiganja cha pili. Alikaa hivyo, ameushika. Tulisubiri wote watatu. Baba, macho amefumba, hakusema kitu.